Maji Yatatokea Wapi: Modeli za Kompyuta na Uvujaji Chini ya Mabwawa

Mwezi wa Septemba, nyika ya Dodoma au Singida ikiwa imekauka hadi majani yanavunjika mkononi, ukikuta chini ya tuta la lambo pahala padogo penye nyasi mbichi, simama hapo. Mfugaji anayepita na ng'ombe wake ataona malisho. Fundi wa mabwawa anapaswa kuona kwamba maji yamepita chini ya tuta na sasa yanatafuta pa kutokea. Ayachote kwa kiganja ayatazame. Yakiwa maangavu, tuta linavuja kama matuta yote yanavyovuja. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yanabeba udongo, na udongo huo unatolewa tumboni mwa tuta lenyewe.

Hakuna bwawa lisilovuja. Ukuta wa zege hauvuji sana, lakini umekaa juu ya mwamba wenye nyufa. Tuta la udongo limekaa juu ya mchanga, changarawe na mfinyanzi vilivyopangwa na mto kwa maelfu ya miaka bila kumuuliza mhandisi. Maji yaliyoinuliwa upande mmoja yatasukuma kwenda upande wa pili, na yatapita popote patakapokubali. Tangu miaka ya 1960 tumekuwa na uwezo wa kuchora njia hizo kwa kompyuta. Hoja yangu ni kwamba kwa muda mrefu kompyuta imeulizwa swali ambalo hailiwezi vizuri, nalo lile inaloliweza halifuatiliwi. Inaulizwa maji mangapi yatapotea. Ingefaa iulizwe yatatokea wapi na kwa nguvu gani, kisha jibu lake lipelekwe uwanjani likapimwe mwaka baada ya mwaka.

Msingi wa hesabu yote ni mwepesi. Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi wa Ufaransa aliyeuletea mji wa Dijon maji safi, alichapisha matokeo ya majaribio ya kupitisha maji katika silinda zilizojazwa mchanga. Aliona kwamba kiasi cha maji kinachopita kinalingana na tofauti ya kimo cha maji kati ya juu na chini, ikigawanywa kwa urefu wa safari, kisha kuzidishwa kwa namba moja inayoeleza jinsi udongo ule unavyokubali kupenywa. Namba hiyo ndiyo upenyezaji. Ndiyo pia chanzo cha matatizo yote yanayofuata. Nguvu za zege safi na za zege baya hutofautiana mara tatu au nne. Upenyezaji wa changarawe safi na ule wa mfinyanzi ulioshindiliwa hutofautiana mara milioni kadhaa. Sijui kipimo kingine katika ujenzi chenye mwachano wa namna hiyo.

Ukiunganisha sheria ya Darcy na ukweli kwamba maji hayapotei njiani, unapata mlinganyo ambao wanahisabati walikuwa wakiujua tangu zamani kwa jina la Laplace. Kwa lugha ya kawaida unasema hivi: katika udongo wa aina moja, kimo cha maji cha nukta yoyote ni wastani wa vimo vya majirani zake. Basi. Fungua programu ya majedwali, ile ile ya kuandikia bajeti ya harusi. Kila kijumba kiwe kipande cha ardhi chini ya ukuta. Vijumba vya juu upande wa bwawa vipe mita 20, vya upande wa chini vipe sifuri, na kila kijumba kilichobaki kiambie kiwe wastani wa majirani wanne wanaokizunguka. Mahali palipo na mwamba usiopitisha maji, kijumba cha ukingoni kijione kama kwenye kioo. Iache kompyuta irudie hesabu mara mia kadhaa. Namba zitayumba, zitatulia, na utakuwa umetengeneza modeli ya uvujaji chini ya bwawa. Kila kijana anayesomea uhandisi wa maji anapaswa kuifanya kazi hii kwa mikono yake kabla ya kukabidhiwa programu ya kulipia, kwa sababu baada ya hapo picha za rangi hazitamtisha tena.

Kabla ya kompyuta, kazi hiyo ilifanywa kwa penseli. Philipp Forchheimer wa Austria alionyesha jinsi ya kuchora wavu wa mtiririko: mistari ya njia za maji ikikatana na mistari ya vimo sawa, kwa pembe mraba, hadi vyumba vyote vifanane na miraba. Arthur Casagrande aliyefundisha Harvard aliieneza mbinu hiyo kwa makala yake ya mwaka 1937 kuhusu uvujaji katika mabwawa, na vizazi vya wahandisi vikajifunza kuchora na kufuta, kuchora na kufuta. Wapo pia waliotumia umeme, kwa sababu umeme katika karatasi inayoupitisha hufuata mlinganyo ule ule: ukikata karatasi kwa umbo la ardhi na kupima volti, unasoma shinikizo la maji. Mwaka 1966 Zienkiewicz, Mayer na Cheung walichapisha namna ya kutatua uvujaji kwa kuigawa ardhi katika pembetatu ndogo ndogo, kila moja na upenyezaji wake na mwelekeo wake. Hapo ndipo tabaka na mapande yasiyofanana yalipoacha kumtesa mchoraji. Programu za leo kama SEEP/W, PLAXIS na MODFLOW zote ziko katika ukoo huo wa kuikata ardhi vipande, ingawa hazikati kwa mtindo mmoja, na kompyuta ya mkononi hutatua maelfu ya vipande ndani ya sekunde.

Sasa tuzipe namba nafasi. Chukua ukuta wenye kimo cha maji cha mita 20, uliokaa juu ya mchanga ambao maabara inasema upenyezaji wake ni sehemu moja ya laki moja ya mita kwa sekunde. Wavu wa mtiririko una njia nne na ngazi 12 za kushuka. Hesabu inatoa karibu mita za ujazo 5.8 kwa siku kwa kila mita moja ya ukuta. Ukuta ukiwa na urefu wa mita 300, hizo ni takriban mita za ujazo 1,730 kwa siku, sawa na simtanki 1,730 za lita elfu moja. Lakini shimo la uchunguzi lilichimbwa kila baada ya mita 50, na kati ya mashimo mawili kuna ulimi wa changarawe ambao hakuna aliyeukuta. Upenyezaji halisi ukawa mara kumi ya ule wa maabara. Hilo ni kosa la kawaida kabisa katika kazi hii. Maji yanayopotea yanakuwa simtanki 17,300 kwa siku, na ripoti yenye jedwali zuri imekosea mara kumi.

Angalia kilichotokea kwa shinikizo wakati huo huo. Kama udongo wote umeongezeka upenyezaji kwa kiwango kimoja, shinikizo halikubadilika hata chembe. Kwenye lile jedwali la vijumba hatukuwahi kuandika upenyezaji popote, na bado kila kijumba kilipata kimo chake. Kinachoamua shinikizo ni umbo la ardhi pamoja na uwiano wa tabaka moja kwa jingine. Hii ndiyo sababu nasema modeli ni dhaifu kwa kiasi na ina nguvu kwa mahali. Na uvujaji hauliangushi bwawa kwa wingi wa maji yanayopotea. Huliangusha kwa shinikizo mahali pasipostahili.

Shinikizo huua kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuinua. Maji yenye kimo cha mita 100 husukuma kwa karibu tani 100 kwenye kila mita ya mraba, na yakijipenyeza chini ya ukuta wa zege husukuma kwenda juu, yakiupunguzia uzito unaoushikilia mahali pake. Tarehe 27 Aprili 1895 ukuta wa bwawa la Bouzey, karibu na Épinal nchini Ufaransa, ulikatika na kuua watu zaidi ya 80. Wajenzi hawakuwa wamelihesabu shinikizo la kuinua, na ni baada ya msiba huo ndipo Maurice Lévy alipotoa kanuni ya kuliweka katika hesabu. Tangu hapo kuta kubwa hutobolewa safu ya matundu kutoka kwenye ushoroba wa ndani ili maji ya chini yapate pa kutokea kabla hayajainua chochote. Modeli ya kompyuta ni fundi mzuri wa kupanga matundu hayo: sogeza safu mita mbili, punguza nafasi kati ya tundu na tundu, tazama shinikizo linavyoshuka.

Namna ya pili ni kuchimba. Maji yanapotoka ardhini kwenda juu, nguvu yake hupingana na uzito wa chembe za udongo. Mteremko wa shinikizo ukikaribia moja, yaani kimo cha mita moja kikipotea katika mita moja ya udongo, mchanga hupoteza uzito wake na kuanza kuchemka kama uji. Chembe ya kwanza ikiondoka, njia ya maji imefupishwa kidogo, hivyo mteremko umeongezeka kidogo, na chembe ya pili huondoka kwa urahisi zaidi. Tundu hukua kwa kurudi nyuma, kutoka mkondo wa chini kuelekea bwawani. Wahenga walituonya tuzibe ufa, lakini ufa wao ulionekana kwa macho. Huu unatambaa gizani, na siku utakapofika kwenye maji makuu hakuna wa kuuziba. Utafiti wa Foster, Fell na Spannagle wa Australia, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba karibu nusu ya matuta makubwa ya udongo yaliyowahi kubomoka yalibomolewa na mmomonyoko wa ndani.

Watu walijaribu kwanza kuuzuia kwa kanuni za kidole gumba. Mwaka 1910 W. G. Bligh, aliyefanya kazi katika umwagiliaji wa India, alisema pima urefu wa njia ambayo maji yatatambaa chini ya sakafu ya bwawa, ugawanye kwa kimo. Mwaka 1935 E. W. Lane alipitia mabwawa zaidi ya 200 na kuona kwamba njia ya mlalo haina thamani ya njia ya wima, akaipa theluthi moja tu. Kisha A. N. Khosla na wenzake katika Punjab waliingiza mabomba ya kupimia shinikizo chini ya miundo iliyokuwa tayari inafanya kazi, na vipimo vikaikataa kanuni ya Bligh. Hapo napenda sana kukaa, maana Khosla hakuanza na nadharia. Alianza na bomba na kamba ya kupimia, kisha akaitafuta nadharia inayolingana na alichokiona. Hesabu yake inaonyesha kwamba kwa ukuta mwembamba uliozamishwa peke yake mchangani, mteremko wa maji yanapotoka ni kimo kugawanywa kwa kina mara 3.14. Maji ya mita sita na ukuta wa kina cha mita tatu hutoa 0.64, uzamishe hadi mita sita unapata 0.32. Yeye aliukubali mchanga laini kwa moja ya sita au chini yake, kwa hiyo hata mita sita hazitoshi.

Hesabu hiyo hiyo inasema kwamba sakafu isiyo na ukuta wowote wa kuzamishwa mwishoni ina mteremko usio na kikomo pale kwenye kona yake. Kompyuta haijui kusema "hakuna kikomo". Itatoa namba. Gawa ardhi katika vipande vya mita moja, utapata namba inayoonekana ya kuaminika. Gawa katika vipande vya sentimita kumi, itapanda. Gawa tena, itapanda tena. Asiyejua hili atachagua ukubwa wa vipande uliompa jibu la kupendeza na kulitia sahihi. Kwa maoni yangu, ripoti ya uvujaji isiyoonyesha kwamba vipande vilipunguzwa na jibu likabaki pale pale haijakamilika, hata iwe na kurasa mia mbili.

Kuna mambo modeli ilikuja kuyajua kwa kuchelewa. Usiku wa Desemba 2, 1959, bwawa la Malpasset, ukuta mwembamba wa tao wenye kimo cha mita 66 juu ya mji wa Fréjus, Ufaransa, lilipasuka likiwa linajaa kwa mara ya kwanza. Watu zaidi ya 400 walikufa. Zege lilikuwa zuri. Lililoshindwa ni jiwe la upande wa kushoto. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha jambo ambalo hakuna mlinganyo wa wakati ule ulioliuliza: mwamba ule wa nisi ulipokandamizwa na tao, nyufa zake zilijibana na ukaacha kupitisha maji. Kwa maneno mengine, bwawa la juu lilikuwa limejijengea bwawa jingine ndani ya mwamba, na maji yaliyozuiwa na bwawa hilo lisiloonekana yakausukuma mwamba mzima kama kabari. Kuanzia hapo ikajulikana kwamba huwezi kuhesabu maji peke yake na jiwe peke yake. Maji hubadilisha mkazo wa jiwe, mkazo hubadilisha upenyezaji, upenyezaji huyageuza maji. Programu za leo zinaweza kuhesabu vyote kwa pamoja, lakini lazima mtu aiambie kompyuta kwamba upenyezaji si namba moja ya kudumu, na aipelekee vipimo vya mwamba wenyewe ukiwa umebanwa.

Bwawa la Mosul kwenye mto Tigris, Iraq, linatufundisha upande mwingine wa jambo hilo. Limekaa juu ya tabaka za jasi, jiwe linaloyeyuka majini. Modeli iliyo sahihi mwaka huu si sahihi mwaka kesho, kwa sababu njia zinapanuka. Tangu katikati ya miaka ya 1980 mafundi wamekuwa wakisindilia uji wa saruji chini yake, karibu bila kupumzika, na mwaka 2006 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kiliandika kwamba kwa upande wa mmomonyoko wa msingi ndilo bwawa la hatari kuliko yote duniani.

Lakini somo linalonikaa moyoni zaidi ni la Teton. Bwawa hilo la udongo, lenye kimo cha mita 93, lilijengwa Idaho na idara ya serikali ya Marekani yenye uzoefu mkubwa kuliko karibu taasisi yoyote duniani wakati huo. Jumamosi ya Juni 5, 1976, likiwa katika kujazwa kwa mara ya kwanza, wafanyakazi waliona maji ya tope yakitoka upande wa kulia asubuhi. Matingatinga mawili yaliyopelekwa kuziba tundu yalimezwa. Dakika chache kabla ya saa sita mchana kilele kiliporomoka. Watu 11 walikufa, na tatizo lilikuwa limetoka kwenye dalili hadi maangamizi ndani ya asubuhi moja.

Katika jopo la uchunguzi alikuwamo Casagrande, yule yule wa wavu wa penseli. Jopo lilitumia pia hesabu za elementi, zile za kuikata ardhi vipande, zikaonyesha jambo ambalo mchoro wa uvujaji usingelionyesha: katika handaki jembamba lililochimbwa kwenye mwamba wenye nyufa, udongo laini uliojazwa ungeweza kuning'inia kwenye kuta za handaki badala ya kukalia chini kwa uzito wake wote, hivyo shinikizo la maji likaupasua. Nyufa za mwamba zilikuwa wazi, hapakuwa na chujio la mchanga la kuzuia chembe zisiondoke, na udongo wenyewe ulikuwa wa vumbi jepesi linalosombwa kwa urahisi. Modeli iliyouchukulia udongo ule kama kitu kimoja kisicho na ufa ingetoa matokeo mazuri hadi saa tano asubuhi ya siku hiyo. Upenyezaji wa wastani hauoni ufa wa upana wa kidole.

Ndiyo maana kwa tuta la udongo naiamini zaidi tabaka ya chujio kuliko picha yoyote ya kompyuta. Chujio halihitaji kujua ufa uko wapi. Mchanga uliopimwa vizuri ukiwekwa nyuma ya kiini cha mfinyanzi hukamata chembe popote zitakapojaribu kutoka, na ufa hujiziba wenyewe. Modeli inafaa kupanga unene wa chujio, kuona kama bomba la kuondolea maji litaelemewa, na kuchungulia pembeni mwa tuta ambako michoro ya pande mbili haifiki. Ubavuni maji huzunguka tuta badala ya kupita chini yake. Teton na Malpasset yote yaliangukia ubavuni.

Huku kwetu maswali haya yamekuwa makubwa ghafla. Ukuta mkuu wa bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji una kimo cha mita 131 na ulianza kuzuia maji Desemba 22, 2022. Pembeni yake kuna matuta mengine yanayoziba mabonde ya chini. Mradi wa ukubwa huo huwa na modeli, pizomita (mabomba ya kupimia shinikizo) na watu wa kuzisoma. Wasiwasi wangu uko kwingine, kwenye mamia ya malambo ya mifugo na mabwawa ya mashamba kutoka Shinyanga hadi Bonde la Ufa. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shamba la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa majumbani mwao. Kuta za namna hii nyingi hazijawahi kuingia katika kompyuta ya mtu yeyote.

Hazihitaji modeli ya gharama. Zinahitaji ile ya jedwali la vijumba, ifanywe na mhandisi wa wilaya kwa alasiri moja, kisha mabomba matatu ya plastiki yenye matundu chini yazamishwe kutoka kilele hadi kitako cha tuta. Modeli iseme maji yatasimama mita ngapi katika kila bomba, na kila mwezi mtunza lambo ashushe kamba yenye uzito na kuandika alichokuta. Bomba likipanda huku bwawa likiwa pale pale, kuna kitu kimebadilika chini, na hapo ndipo kompyuta inakuwa na kazi ya kweli: jaribu tabaka ya changarawe hapa, jaribu ufa pale, tafuta ni badiliko gani linaloweza kutoa kile kilichosomwa.

Kitakoni, mahali maji yanapokusanyika, wekeni bamba la chuma lenye mkato wa V wa nyuzi 90. Maji yakisimama sentimita tano kwenye mkato, yanapita kama robo tatu ya lita kwa sekunde; yakisimama sentimita kumi, yamefika lita 4.4. Mtoto wa darasa la saba anaweza kulisoma bamba hilo kwa rula yake ya shule, na aandike pia kwenye daftari kama maji yalikuwa maangavu.